Fulana 26

Klabu yetu ya jogging hapa Mbagala ilitaka fulana mpya, na kwenye grupu la WhatsApp zikazuka kambi mbili. Wa kwanza: twende Kariakoo, kuna fundi anachapa kwa 4,500 kila fulana, ila anataka 65,000 ya fremu ya kuchapia kabla hajagusa wino. Wa pili: fundi wa mtaani, 7,000 kila moja, hakuna cha fremu. Wakabishana jioni nzima. Mimi ndiye mweka hazina, nikachukua kalamu.

Idadi ya fulana iwe x, gharama yote iwe y:

y = 4,500x + 65,000
y = 7,000x

Hiyo ni mistari miwili iliyonyooka. Wa Kariakoo unaanzia juu ila unapanda taratibu. Wa mtaani unaanzia sifuri, lakini mteremko wake, yaani kasi ya kupanda kwa kila fulana, ni mkali, lazima utamfikia mwenzake.

Mmoja wetu aliichora kwenye karatasi ya grafu akatuma picha. Inapendeza, ila inakatana wapi hasa? Huyu anasoma 25, yule 27. Unene wa penseli peke yake unameza fulana nzima! Aljebra haina maneno. Mistari inapokatana, x ni ileile na y ni ileile kwa yote miwili, basi:

7,000x = 4,500x + 65,000
2,500x = 65,000
x = 26

Ukirudisha 26 kwa fundi wa mtaani unapata y = 182,000. Jaribu na kwa Kariakoo, usione uvivu: 117,000 + 65,000, ni hiyohiyo.

Akajitokeza mtu na fundi wa tatu: 7,000 kila fulana, na 10,000 ya kuchora nembo. Nikamlinganisha na wa mtaani: 7,000x = 7,000x + 10,000. Ondoa 7,000x pande zote, inabaki 0 = 10,000. Upuuzi mtupu, na ndiyo jibu lenyewe: mteremko ni mmoja, mistari ni sambamba, haikutani hata mkiagiza fulana milioni. Huyo tukamwacha.

Sasa, 26 ni mpaka tu. Tumejiandikisha 31, kwa hiyo Kariakoo inatuokolea 12,500. Lakini hawa watu nawajua. Wakilipa watu 25 tu, mtaani ndiko nafuu, kwa 2,500. Kwa hiyo nimeandika kwenye grupu: hela kwanza, fundi baadaye.