Watu walikaa

Jamani habari za siku nyingi. Najua nilisema posti inayofuata ni ya posa yangu, na dada Rehema kanikumbusha mpaka kwenye status. Barua ililetwa Jumamosi, ikapokelewa, baba kavaa ile suti ya kahawia, wajomba zake Baraka mchumba wangu wakala wakashiba, mahari itazungumzwa mwezi ujao. Hiyo nitaiandika kwa nafasi yake, sasa hivi kichwani kuna maneno ya shangazi ya Alhamisi usiku na hayatoki.

Shangazi mnamjua, yule wa Mvumi kule Dodoma niliyekuwa napelekwa kwake kila likizo mpaka nikawa nakisikia Cigogo, lugha ya Wagogo, vizuri, kukiongea ndo bado kazi. Alikuja kwa ajili ya posa, maana bila shangazi nani angenisemea mle ndani, ila kwa vile siku hizi kuna treni ya SGR na Dodoma mpaka Dar ni chini ya masaa manne akaona aje mapema akae kae na kaka yake, yaani baba, Kimara. Akanikuta niko katikati ya wiki ya praktiko, mitihani ya vitendo pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, silali. Nikamwambia shangazi, Alhamisi jioni usikose Mlimani, tunapiga muheme. Akacheka sana. "Muheme? Huko chuoni?" Nikamwambia ndio, na inapewa maksi.

Kwa wageni wa hapa, muheme ni ngoma ya kina mama wa Kigogo. Mwanamke anasimama, anaibana ngoma mapajani, zile ngoma zenye kiuno chembamba katikati, anapiga kwa mikono huku wenzake wanaimba na kujibizana. Zamani ilikuwa ya jando na unyago, sasa hivi utaikuta kwenye harusi, kwenye mikutano ya siasa, kwenye kupokea wageni. Nilipoambiwa kundi letu ndo limepangiwa muheme nililia, yaani kwa furaha, kwa sababu miaka yote hiyo Mvumi nilikuwa mtoto wa kushika maji tu, sikuwahi kuibana ngoma mwenyewe.

Afu Dar na ngoma za ngozi ni shughuli. Dodoma kukavu, ngozi inakaa imekaza. Hapa kwetu na huu unyevunyevu wa baharini ukiiacha ngoma usiku mmoja asubuhi inalia bub bub. Kwa hiyo siku ya onyesho kuanzia saa kumi tuko nyuma ya ukumbi mimi na Ayubu na Witi wa kundi letu tunachoma maboksi na majani makavu, tunazungusha ngoma motoni taratibu, unagonga, unasikiliza, unarudisha. Shangazi alikuja akatukuta hapo hapo. Hakusema kitu, akachukua moja, akaigonga kwa vidole viwili, akairudisha kwenye moto. Ayubu akaniangalia. Ikaongezwa moto.

Basi tukapiga. Sitaeleza sana, ukumbi ulijaa, wengine wakabaki mlangoni, makofi yakapigwa, mtahini wa nje akaandika andika, na matokeo yametoka jana tuna A. Nilivyotoka nje jasho linanitiririka nikamtafuta shangazi, nikamshika mkono tukawa tunashuka ngazi. Nikamuuliza, "Shangazi, umeionaje?"

"Mmepiga vizuri."

Nikasubiri, maana namjua, ana lingine.

"Watu walikaa."

Nikamwambia, "Eeh shangazi, viti vilijaa vyote, wengine wamekosa hata pa kukaa."

Akaniangalia. "Ndo nasema. Watu walikaa."

Basi, akaniuliza gari za Kimara anapandia wapi.

Tukatembea. Tulivyopita karibu na ukumbi wa Nkrumah akasimama akasema hii si ndo ile nyumba ya kwenye noti ya jero, ile mia tano ya kabla ya sarafu, nikamwambia ndiyo yenyewe, akafurahi kabisa, akaniomba nimpige picha mbele yake. Nikampiga. Kwenye picha anacheka. Na mimi nimeshika simu nawaza, watu walikaa, watu walikaa maana yake nini.

Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa naisikia na sauti yake, hakuwa amekasirika, wala hakuwa ananisifia. Kila nikiigeuza inanichoma upande mwingine. Kwanza nikadhani anasema tulipooza, hatukupiga kwa moyo. Nikakataa, kwa sababu mikono yangu ilikuwa imevimba. Afu nikadhani anasema wanafunzi wa siku hizi hawana adabu ya ngoma, napo si yeye, shangazi hasemi watu vibaya hivyo. Asubuhi nachota maji nikamkumbuka yeye mwenyewe uwanjani kwao, mimi mdogo. Pale hakuna mtu anayekaa, aisee. Wazee sana labda, na wanaonyonyesha. Wengine wote wamesimama, anayejua wimbo anajibu, asiyejua anavutwa mkono, mama mmoja akichoka kupiga mwingine anaipokea ngoma mdundo haukatiki. Anayeangalia na anayecheza huwezi kuwatenga kwa mstari, dakika mbili mbele wamebadilishana.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba mazoezini tulikuwa nacho hicho kitu! Ukumbi ulikuwa hauna nafasi wiki mbili tatu hivi tukawa tunafanyia nje, kule kwenye miti karibu na vimbweta, zile meza za nje za kusomea. Mwanzo waliokuwa wanasoma wakatufukuza, wana testi, sawa tukasogea. Ila jioni watu wakaanza kuja wenyewe. Watu wa injinia wanapita na mabegi wanasimama. Dada wa mihogo akaweka beseni chini akaingia. Kuna mlinzi mmoja mtu wa Kongwa huko Dodoma, yule baba alikuwa anajibu nyimbo zetu kwa sauti moja nzito mpaka Witi akawa anamsubiri aanze. Hamna aliyewaita. Siku ya onyesho ndo tukawapangia watu wote hao viti kwa mistari, wanaangalia mbele, taa ikazimwa upande wao.

Sasa msinielewe vibaya, mimi sina ugomvi na viti. Kinjeketile cha Ebrahim Hussein, 1969, mtu aliyesomea sanaa za maonyesho hapa hapa Mlimani, mimi ile tamthilia nataka niione nimekaa kimya nisikie kila neno, yale maji ya Vita vya Majimaji yanageuka imani na imani inageuka vita, huwezi kuisikiliza ile huku unapiga vigelegele. Ila ngoma kupangwa mistari ikiangalia wageni hilo tumejifunza mahali. Tulisoma mwaka wa kwanza, Mwalimu Nyerere kaunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana Desemba 1962, baada ya muda mfupi likawepo kundi la taifa la ngoma, na ngoma za makabila zikakusanywa, zikafupishwa, zikageuzwa uso kwa mtazamaji. Nia ilikuwa njema na mimi naiheshimu, mkoloni alikuwa ameshatuambia ngoma zetu ni ushenzi, lazima mtu azisimamishe mahali pa heshima. Ila ukishaipandisha ngoma jukwaani inabidi yule wa chini akae.

Na sio kwamba chuo chetu hakikuliona. Hili ndo linanipa moyo kila nikilifikiria. Kina Profesa Penina Mlama na Profesa Amandina Lihamba miaka ya mwanzo ya themanini walitoka hapa wakaenda mpaka Malya, Kwimba huko Mwanza, wakawa na vijana wa kijiji, wakatunga kwa ngoma za palepale kuhusu shida za palepale, na onyesho likiisha watu hawaondoki, wanajadili. Haohao ndo wakaja na Tuseme mwaka 1996, wasichana mashuleni wanaigiza yanayowasibu. Mimi ni mtoto wa Tuseme jamani, sekondari mara ya kwanza kusimama mbele ya watu nikasema kitu kinachoniuma ilikuwa pale, na nilisema kwa kuigiza. Kwa hiyo hii njia ipo, imepitiwa na watu wetu wenyewe, vitabu vyao viko maktaba, tena maktaba kubwa mpya. Ila wiki ya praktiko sote tunakimbilia jukwaa na taa kwa sababu mtahini lazima aone vizuri aandike maksi.

Nilikuwa nimefikia hapo, nimeshaanza kukasirika kabisa, Jumapili jioni Happy ninayeshea naye chumba akanitumia klipu. Yeye alikuwa amesimama pembeni anarekodi na simu. Nimeangalia mikono yangu kwanza, lazima. Afu nikaona nyuma kule, safu ya mwisho, karibu na mlango.

Shangazi kasimama.

Peke yake. Tumeingia wimbo wa pili ule wa kuitana, kanyanyuka, kitenge kakifunga vizuri kiunoni, anapiga makofi, magoti yanakunja yanakunjua vilevile kama uwanjani kwao, mdomo unajibu, sauti haisikiki kwenye video lakini najua anajibu nini. Mbele yake vichwa vyote vimetulia. Anacheza hivyo muda kidogo. Afu anakuja kijana wa mwaka wa kwanza, wa kupokea watu, mpole kabisa, anainama kwa adabu kama inavyotakiwa kwa mtu mzima, anamuonyesha kiti chake. Shangazi anamshukuru, unaona mkono wake unamgusa bega. Anakaa.

Nimeirudia ile sehemu mpaka bando likaisha. Yule kijana kafanya sawasawa alivyofundishwa, ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo, mtu mzima kasimama unampa kiti. Ila moyo wangu ulibadilika palepale. Siku zote hizo nilikuwa nahisi kanipima, kumbe alitujibu. Ukumbi mzima mtu mmoja alitujibu na alikuwa wa kwetu. Nikalia tena, Happy akauliza ni kuhusu posa? Nikamwambia hapana.

Nikampigia. Alikuwa ameshafika Mvumi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mama, mmeamkaje, huyo mwenzio hajambo?"

Tukaongea, bei ya karanga, mbuzi wa jirani kaingia tena shambani, picha ya Nkrumah kawaonyesha wote kanisani. Nikamwambia shangazi ile siku ulisema watu walikaa. Kimya kidogo.

"Nilisema hivyo?"

"Eeh."

"Basi si walikaa kweli."

Na akarudi kwenye mbuzi.

Nimeongea na kina Ayubu. Mwakani tukipangiwa ngoma yoyote tunataka kuomba ifanyikie nje kwenye miti, jioni jua likishuka, viti vya watahini tu na wazee, wengine wasimame, na yule baba wa Kongwa aombwe rasmi. Witi anasema mtahini atakataa, hawezi kuona kila mtu. Mimi nasema aje asimame katikati, ataona na atasikia zaidi. Mwalimu wetu nimemgusia, kanisikiliza vizuri, kasema niandike nusu ukurasa nimpelekee. Nimeshaandika kurasa nne.

Mwenye nyumba naye kapita asubuhi, anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo kabla mwezi haujaisha. Happy anarudi kwao Morogoro likizo yote na anasema hawezi kulipia chumba asicholala, mimi fildi yangu ni hapahapa Dar, Kimara siwezi kurudi, na Baraka sitaki hata asikie, atataka kulipa na mahari bado. Mwenye kujua mtu anatafuta wa kushea chumba huku Changanyikeni aniambie, awe wa kike, maji yapo.