GTX 1650 ama RX 6400? Vile nilivyoamua nikiwa hapa Lamu

Vijana wa mtaani kila wakija wananiuliza nlijuaje kuchukua kadi hii ya picha (graphics card, ile inayoiwezesha kompyuta kucheza gemu) nikaacha zile nyengine, basi naandika yote hapa mara moja.

Kompyuta yangu ni HP EliteDesk 800 G1, ile nyembamba ya ofisini, ex-UK (imetumika Uingereza), ina prosesa ya i5-4570 na RAM giga 8. Nliitoa Mombasa kwa kazi za duka, kutaipu na kuprinti. Gemu zilikuja baadaye, mdogo wangu alikuwa ananisumbua na GTA V na eFootball na mimi pia nilikuwa nazitaka, tusiseme uongo. Pesa nliyokuwa nimeweka ni sh. 18,000 na hapo nshajikamua miezi.

Nikaanza kutafuta kadi, nikapotea wiki nzima manake zote zinafanana. GTX 1050 Ti giga 4, GTX 1650 giga 4, RX 6400 giga 4, bei zinapishana kidogo tu, na kila video nayofungua inasema lake. Katikati ya hayo binamu yangu wa Mombasa akanipigia, "Yakhe, achana na hizo, hapa kuna RX 580 giga 8 na bei ni ya chini, itacheza kila kitu." Na kwa haki ya Mungu ni kadi yenye nguvu kuzishinda zote hizo tatu, nlibaki kidogo tu nimtumie pesa usiku ule ule.

Kilichonizuia ni kufungua kifuniko. Nlimulika ndani na tochi ya simu nikasoma stika ya pawa saplai (kile kiboksi kinachoilisha kompyuta umeme), imeandikwa 240 W. RX 580 peke yake inakula wati 185, na inataka waya wake wa umeme kutoka kwa pawa saplai, nikautafuta ule waya haupo kabisa, ziko za hadidiski tu na DVD. Ukisema ubadilishe pawa saplai, hizi HP za ofisini plagi zake ni za kivyake, ya kawaida ya dukani haiingii hivi hivi. Halafu kesi yenyewe nyembamba, inataka kadi ya kimo kifupi na kibati kifupi cha nyuma, nyengine yoyote kifuniko hakifungi. Binamu nikamwambia asante, akanuna siku mbili.

Kwa hivyo zikabaki zile zinazojilisha kwa tundu la madabodi tu (motherboard, ule ubao mkuu wa ndani), ambalo mwisho wake ni wati 75. 1050 Ti na 1650 ziko hapo hapo kwenye 75, RX 6400 iko 53. Lakini angalia picha vizuri, kuna 1650 nyengine zimetengenezwa na tundu la pini 6 la waya wa umeme juu yake, hizo pia hazitufai.

1050 Ti niliitoa mapema. Ni ya 2016, na zile feki zimejaa, kadi za zamani zimebadilishwa jina ndani. Muuzaji mmoja alinitumia picha ya "1050 Ti" ina tundu la VGA nyuma, lile la monita za zamani. Kizazi hicho hakitoi VGA tena, nikaachana naye papo hapo.

Sasa RX 6400 na GTX 1650 ndipo nilipokwama kwelikweli. RX 6400 ni ya 2022, mpya zaidi, inakula umeme kidogo, na kwa joto letu la kaskazi hilo si jambo dogo. Ila nikaja kuelewa kitu ambacho wauzaji hawakitaji, kwamba kadi hii inatumia njia 4 tu za PCIe (lile tundu la madabodi inapochomekwa kadi) badala ya 16. Kwenye madabodi mpya ya PCIe 4.0 haina shida sana, lakini yangu ni ya 3.0, kila njia inapitisha nusu, na giga 4 za memori ya kadi zikijaa, kadi inaanza kuazima RAM ya kompyuta kupitia mlango ule ule mwembamba, hapo gemu inaanza kukatakata. 1650 inatumia njia zote 16. Tena RX 6400 haina sehemu ya kurekodi video ndani ya chipu, na mdogo wangu anapenda kurekodi mechi zake. Nikachukua 1650 iliyotumika, na nikauliza kabisa memori yake ni ya GDDR5 ama GDDR6, manake zote zinauzwa kwa jina moja na ya GDDR6 inasukuma 192 GB kwa sekunde badala ya 128. Nikapata ya GDDR6, sh. 17,500.

Ikaja na basi hadi Mokowe, gati ya upande wa bara, nikaifuata mwenyewe. Kwenye boti nahodha akataka kuiweka chini na mizigo, nikamwambia ami tafadhali hapo pana maji ya chumvi, nikaipakata mpaka Lamu.

Nyumbani nikaichomeka, imeingia sawasawa, kumbe monita yangu ni ya VGA peke yake! Nlikuwa na kiplagi cha kugeuza DVI (tundu jengine la monita) kuwa VGA, lakini zile pini nne ndogo za pembeni hazikupata mashimo kwenye kadi, DVI ya siku hizi ni ya dijitali tu. Siku tatu kadi imekaa bure mpaka kibadilishi cha HDMI kwenda VGA kikafika.

Sahi GTA V inacheza fremu 60 kwa sekunde, nimezifunga hapo hapo, monita yenyewe ni ya 60 Hz, haionyeshi zaidi ya hizo, joto la kadi nyuzi 70 na kitu mchana. Kifuniko nakifungua kila mwezi napiga brashi, vumbi la hapa lina chumvi na linashika.

Ukitaka nikusaidie kuchagua, nitumie kwanza picha ya stika ya pawa saplai yako, jina la kadi tutaliongea baadaye.