Anayesimama Penye Ubao wa Kupandia

Nilipoanza kazi ya ukarani katika bandari moja hapa Goma, mafunzo yangu yalichukua asubuhi moja tu. Nilionyeshwa daftari la abiria, muhuri na sanduku la fedha za tiketi, kisha nikaambiwa nikasimame penye ubao wa kupandia meli. Hakuna aliyenieleza maana ya mstari uliochorwa ubavuni mwa chombo, wala nifanye nini iwapo watu wanazidi kuja hali nafasi zimekwisha.

Tarehe 3 Oktoba 2024, meli iliyotoka Minova ilipinduka na kuzama karibu na bandari ya Kituku hapa Goma, huku watu waliokuwa nchi kavu wakitazama. Vita vilikuwa vimeifunga barabara ya Sake kwenda Minova, kwa hiyo wafanyabiashara na familia nyingi walilitegemea Ziwa Kivu. Makumi ya watu walikufa. Kwa siku nyingi baada ya hapo kila mmoja wetu kazini alijiuliza kimoyomoyo ni abiria wangapi amewahi kuwapitisha bila kuwahesabu, na mimi niliona haya kulifungua daftari langu, kwa maana watoto waliobebwa mgongoni sikuwa nikiwaandika kamwe.

Baadaye tulipata semina iliyonifungua macho. Mkufunzi alileta beseni la maji na sufuria tupu, akaielesha sufuria hiyo majini, akapanga mawe ndani yake, nayo ikatulia. Kisha akayatoa mawe yaleyale, akalaza ubao juu ya mdomo wa sufuria na kuyapanga juu ya ubao huo, nayo ikapinduka papo hapo. Uzito ulikuwa uleule. Ndipo tulipoelewa kwamba magunia yanayorundikwa juu ya sitaha, badala ya kuteremshwa tumboni mwa meli, huweza kuiangusha hata kama idadi yake haijapita kiasi. Alitukumbusha pia kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka katika Ziwa Victoria tarehe 20 Septemba 2018 na kuua zaidi ya watu 200, kikiwa kimebakiza hatua chache kufika gati la kisiwa cha Ukara, nchini Tanzania. Abiria wanapoliona gati husimama wote, hushika mizigo yao na kuelekea upande mmoja. Kumbe saa ya kufika, ambayo sisi wa bandarini tuliihesabu kuwa saa ya kupumua, ndiyo inayotaka uangalifu mkubwa zaidi. Kuhusu ule mstari wa ubavuni, unaoonyesha meli iliyopakiwa inaruhusiwa kuzama majini hadi wapi, alitueleza kwamba Uingereza iliufanya kuwa wa lazima kwa sheria ya mwaka 1876, baada ya mbunge Samuel Plimsoll kuwapigania mabaharia waliokuwa wakifa katika meli zilizojazwa kupita kiasi.

Hata hivyo, elimu hiyo peke yake haimtoshi karani. Anaweza kuujua mstari vizuri kabisa na bado akanyamaza, kwa kuwa mwenye meli akipiga simu moja, amri hutoka juu kwamba watu wapande. Niliwahi kupewa amri ya namna hiyo mahali nilipofanya kazi zamani, nami nikatii. Meli ilifika salama, lakini sikulala usiku ule.

Ndiyo sababu naikumbuka sana siku nilipomzuia mama mmoja aliyekuja na magunia matatu ya viazi wakati meli ya Bukavu ilikuwa imekwisha kujaa. Alilia, akaniambia, «Mwanangu, watoto wangu wananingoja.» Shefu wetu alitoka ofisini, akasimama kando yangu, akamwambia kwa upole, «Mama, karani amesema imetosha. Utasafiri kesho asubuhi, na mzigo wako utalala ghalani kwetu bila malipo.» Tangu siku hiyo hakuna karani kwetu aliyeogopa kusema imetosha. Watu wanapozungumza juu ya moyo wa kushirikiana kazini, mimi hukumbuka jinsi mkubwa huyo alivyoyafanya maneno ya mdogo wake kuwa yake mwenyewe mbele ya umati.

Jambo moja linaniuma. Semina nyingi hutolewa kwa Kifaransa, katika chumba ambacho wabeba mizigo hawaalikwi, ingawa mikono yao ndiyo inayopanga kila gunia. Kwa hiyo tuliomba ruhusa, na sasa kila Jumatatu kabla ya meli ya kwanza tunakutana gatini kwa nusu saa, makarani, mabaharia na wabeba mizigo pamoja, tukizungumza kwa Kiswahili. Tunafanya zoezi la kuvaa jaketi za kuokolea, tunahesabu pamoja na watoto wachanga, tunaangalia mzigo umekaa wapi. Juma lililopita mbeba mizigo kijana, ambaye hajui kusoma, alimwendea nahodha na kumwonyesha kwamba mstari umeingia majini upande wa kushoto. Nahodha alishuka, akatazama, akaamuru magunia kumi na mawili yarudishwe nchi kavu.