Umeme Ulipokatika Bandani

Banda la video lilikuwa nyuma ya soko la Mwanga, hapa Kigoma. Kuta za mabanzi, paa la bati, na ndani magunia yameshonwa kuziba kila tundu ili wapita njia wasichungulie bure. Televisheni ilikaa juu ya kabati lenye kufuli, deki chini yake. Mchana zilipigwa filamu za ngumi. Jumamosi usiku ilikuwa zamu ya mchekeshaji King Majuto, na usiku huo hata wazee wa Ujiji walipanda gari kuja kukaa kwenye mabenchi yetu yasiyo na egemeo.

Kanda zilifika kwa treni kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,200, na nyingi zilikuwa nakala ya nakala. Hazina jalada wala jina la kampuni, ila kipande cha plasta kilichoandikwa kwa kalamu: MAJUTO. Picha chenga tupu, sauti inakoroma. Bandani hakuna aliyelalamika. Leo nikikumbuka plasta ile naumia, maana mzee yule alichekesha nchi nzima mpaka huku mwisho wa reli, na hela ya plasta zile haikumfikia.

Usiku ninaousimulia ulikuwa wa mwaka 2002, mimi nikiwa darasa la sita. Kaka yangu alinilipia. Benchi la mbele yetu alikaa fundi baiskeli wa pale sokoni, ambaye kila mtu alimwita Fundi tu, mikono yake haijawahi kutoka grisi. Mlangoni mama mmoja alikuwa akikaanga mihogo, harufu ya mafuta ya mawese imejaa ndani.

Kanda ikaanza. Mzee kaketi mkekani na shuka lake, mbele yake sahani ya wali imejaa pomoni. Anakunja mkono wa shati, anautazama ule wali kama bwana harusi anavyomtazama bibi harusi, anapeleka mkono. Nje inapigwa hodi. Majuto anageuza macho kuelekea mlangoni, mkono uko palepale juu ya sahani.

Giza.

Wakati ule Kigoma ilikuwa haijaunganishwa na gridi ya taifa. Umeme wetu ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, na kukatika ilikuwa jambo la kila wiki. Watu wakaguna, wengine wakaanza kudai hela yao. Mwenye banda akawa anapapasa kutafuta kiberiti huku akisihi, "Jamani, vuteni subira." Katika vurugu ile, mtu wa nyuma akapaza sauti: "Hodi mwenye nyumba!"

Kutoka benchi la mbele, kwa sauti ileile ya Majuto, lafudhi ya Tanga kabisa, Fundi akajibu: "Humu hamna mtu!"

Banda lililipuka. Karabai lilipowashwa Fundi alikuwa amesimama, kitenge cha mama wa mihogo amekifunga kiunoni, kofia yake ameigeuza kuwa sahani. Hakuna aliyekuwa ameiona kanda ile kabla, yeye pia hakuwahi, kwa hiyo mbele ya hapo ilibidi atunge. Mama wa mihogo akaacha karai lake, akaingia kama mgeni.

"Nimesikia harufu ya wali toka Gungu, babu."

"Harufu hiyo ya jirani, mwanangu. Mimi tangu jana nimefunga."

"Na hiyo sahani?"

"Naiosha!"

Wakaenda hivyo muda mrefu. Mzee mmoja wa Ujiji akadakia kutoka kwenye benchi kwamba yeye ndiye jirani na wala hajapika. Kaka yangu alicheka mpaka akainamia magoti. Ninapoutafakari usiku ule naona kwamba Fundi alikuwa ameirudisha kazi ya Majuto ilikotoka. Amri Athumani, hilo ndilo jina lake halisi, alizaliwa Tanga mwaka 1948, na alianza kuigiza jukwaani mwaka 1958, mtoto mdogo. Tanzania Bara ilikaa bila kituo cha televisheni mpaka 1994. Zanzibar walikuwa nacho tangu miaka ya 1970. Yaani mzee huyu tunayemkumbuka kwa sababu ya kioo alichekesha watu zaidi ya miaka 30 kabla ya kioo kufika kwao. Alijifunza mbele ya watu wanaopumua, wanaozomea, wanaoweza kuinuka wakaondoka. Kanda zilipoingia akawa miongoni mwa wachekeshaji wa mwanzo Afrika Mashariki kurekodi vichekesho na kuviuza, na vituo vilipofunguliwa alikuwa tayari fundi aliyekamilika.

Taa zikarudi. Kabla mwenye banda hajaigusa deki, Fundi alikivua kitenge, akamrudishia mama wa mihogo. "Mwenyewe kaja," akasema, akaketi.

Mwenye banda akairudisha kanda nyuma kidogo. Mzee mkekani, sahani, hodi. Sote sasa tunajua nini kinakuja, au tunadhani tunajua. Tunasubiri ajibu.

Majuto hakujibu. Akatazama mlango. Akatazama wali. Hodi ya pili ikapigwa, akanyanyua pindo la shuka taratibu, akaifunika sahani, akajipangusa vidole magotini. Kisha akashika tama, uso ukamshuka kama mtu aliyefiwa asubuhi ileile. Hapo ndipo akasema "karibu," kwa sauti ya mgonjwa.

Nimeona watu wakicheka mara nyingi, ila kicheko cha namna ile, cha watu kupigana mabega, sijakiona tena. Fundi peke yake hakucheka. Alikuwa amesogea ukingoni mwa benchi.

"Mimi nilijibu hodi," akamwambia kaka yangu, hata hakugeuka. "Unaona? Nilijibu haraka."

Akamwomba mwenye banda arudishe kipande kile. Mwenye banda akakataa kwanza, kanda inachakaa, watu wanataka kuendelea. Fundi akatoa sarafu mfukoni, akalipa kiingilio mara ya pili. Tukakiona tena kipande chote, banda zima kimya, tukimtazama mzee anavyochelewa.

Mimi naamini pale ndipo nilipojua kwamba kuchekesha ni kazi, tena ngumu kuliko kuliza. Machozi mwigizaji anaweza kuyasukuma kwa kelele. Kicheko kina dakika yake, ukiwahi kimeharibika.

King Majuto alifariki hospitali ya Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018, sikukuu ya Nane Nane, akazikwa kwao Tanga. Mwaka huohuo, akiwa bado anaugua, wizara inayosimamia sanaa ilikuwa imeanza kupitia mikataba ya kazi zake, maana ilibainika kuna waliovuna sana kwa jina lake na yeye akaambulia kidogo. Ilipaswa kufanyika mapema zaidi, akiwa na nguvu zake, na naisema hivyo kwa uchungu.

Wiki ile nilikuwa Kigoma likizo. Nilimkuta Fundi kwenye kibanda chake kilekile, ndevu zimeingia mvi, redio inamzungumzia marehemu. Kijana anayefundishwa kazi pale, wa miaka kama kumi na mitano, akauliza alikuwa anachekesha vipi hasa. Fundi akaweka chini spana. Akavuta kitambaa cha grisi, akaweka sahani ya chai mbele yake, akaniashiria. Nikapiga hodi juu ya meza.

Hakujibu. Nikapiga tena. Akakitandaza kitambaa juu ya sahani, pole pole, akashika tama.

Kijana alikuwa tayari anacheka. "Halafu?" akauliza. "Huyo mgeni akafanyaje?"