Tulivyoikagua barabara ya shule kabla ya kuomba tuta

Enzi za vumbi, mashimo ndiyo yalikuwa trafiki wa barabara yetu. Ilipowekwa lami, daladala na bodaboda zikapata pa kukimbilia, na wazazi tukaanza kushika roho kila asubuhi.

Kwenye mkutano wa mtaa kila mtu alitaka tuta mbele ya nyumba yake. Wengine walikuwa tayari kulijenga wenyewe usiku kwa kifusi na saruji. Nilipinga. Tuta lisilo na rangi wala kibao humrusha mtu wa bodaboda gizani, tena barabara ina mwenyewe: TARURA, wakala ulioanzishwa 2017 kusimamia barabara za vijijini na mijini. Mimi si mhandisi, ni mjumbe wa kamati ya shule tu, lakini niliomba tuikague kwanza.

Spidi tuliipima kwa chokaa na simu. Unapima mita 50, unachora mstari kila upande. Mmoja anaashiria gari linapoingia, mwenzake anabonyeza saa. Likitumia sekunde 6, linakwenda kilomita 30 kwa saa. Likitumia 3.6, linakwenda 50. Tulijibanza nyuma ya kibanda cha mkaa, maana dereva akiona watu na karatasi anajua ni trafiki na kupunguza mwendo. Saa moja kasoro, watoto wakiwa wamejaa njiani, magari mengi yalipita chini ya hizo 3.6. Kwa mwendo wa 50, gari hula karibu mita 14 kila sekunde, hata kabla mguu haujafika kwenye breki.

Ila lililonifungua macho ni kutembea na watoto wenyewe. Zebra ilichorwa mbele ya ukuta mtupu, mbali na geti. Hakuna aliyeitumia, na si utundu: kando ya barabara kuna mtaro wa wazi, na kalavati la kuuvukia liko kwingine kabisa. Mtoto anavukia lilipo kalavati, rangi iwe wapi iwe. Nikachuchumaa pale hadi usawa wa mtoto wa darasa la kwanza. Bajaji zilizoegeshwa ziliziba kila kitu. Sikuona gari hata moja linalokuja.

Ajali za kukoswakoswa hazifiki polisi, kwa hiyo tuliwauliza wanaoshinda pale: mama ntilie na vijana wa kijiweni. “Mama, breki zangu zote zinaishia hapo kwenye kalavati,” mmoja aliniambia. Kwenye ramani yetu ya mkono, alama nyingi ziliangukia hapo hapo.

Barua ilipita kwa mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kata na diwani hadi kwa mhandisi, ikiwa na picha na jedwali la sekunde. Tuliomba machache: kivuko kilichoinuliwa kama tuta penye kalavati, rasta (vile vituta vidogo vya kumtikisa dereva apunguze mwendo) pande zote mbili, vibao, na mtaro ufunikwe mbele ya geti. Mhandisi alipokuja, swali lake la kwanza lilikuwa, “Hii spidi mmeipimaje?” Nadhani lile jedwali lilitusaidia kuliko malalamiko yote ya mkutanoni.

Fedha ilibidi zisubiri bajeti mpya, inayoanza Julai. Sisi hatukukaa bure. Bajaji zilihamishia kijiwe chao mbele kidogo, michongoma ya kwenye kona ikakatwa, na mwalimu wa zamu akawa anawatoa watoto kwa makundi.

Kivuko kilipokamilika tulirudi na chokaa yetu. Magari mengi sasa yanatumia zaidi ya sekunde 6. Bodaboda walikwepa kwa kupenya kati ya tuta na mtaro, mpaka zilipochimbiwa nguzo za zege. Usiku bado ni tatizo: hakuna taa, na rangi imeanza kufifia kwa matairi ya malori ya mchanga. Barua ya pili, ya taa na rangi, iko kwa mtendaji.