"Blue Hawaii" kabla ya Elvis Presley na baada yake

Ukiutaja wimbo wa "Blue Hawaii", wasikilizaji wengi humkumbuka Elvis Presley papo hapo, na hilo si la kushangaza, kwa kuwa filamu yake ya mwaka 1961 ilichukua jina lake kutoka kwenye wimbo huo. Hata hivyo, Presley alipoingia studio kuurekodi, wimbo ulikuwa umekwisha kutimiza miaka 24, na Ralph Rainger, aliyeutungia muziki, alikuwa amekwisha kufariki katika ajali ya ndege ya mwaka 1942.

Maneno yake yaliandikwa na Leo Robin. Yeye na Rainger walikuwa watunzi wa Hollywood waliokuwa wakizitungia nyimbo filamu za kampuni ya Paramount, na huu waliutunga kwa ajili ya filamu ya "Waikiki Wedding" ya mwaka 1937, ambayo waimbaji wake wakuu walikuwa Bing Crosby na Shirley Ross. Katika filamu hiyo Crosby anaigiza mtu wa matangazo wa kampuni ya mananasi, ambaye kazi yake ni kuipamba Hawaii mbele ya msichana aliyeshinda shindano la kampuni na ambaye, baada ya kufika visiwani, hakuvutiwa kama ilivyotarajiwa. Kwa maoni yangu, wimbo wenyewe unafanya kazi hiyo hiyo. Unazungumzia usiku, mwezi, bahari na wapendanao, lakini ukiliondoa jina la Hawaii hutabaki na mlima, ua, kijiji wala neno moja la Kihawaii. Ungeweza kuimbwa kuhusu ufuo wowote wenye joto.

Basi Uhawaii wake umetoka wapi? Umetoka kwa wapigaji. Crosby aliurekodi mwaka huo wa 1937 akiwa na kundi la Lani McIntyre, mwanamuziki wa Hawaii, na ndani ya santuri hiyo inasikika gitaa la Hawaii, lile linalopigwa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi ili sauti ipande na kushuka bila kukatika. Uvumbuzi wa upigaji huo kwa kawaida huhesabiwa kuwa wa Joseph Kekuku wa kisiwa cha Oahu, aliyeuanza akiwa kijana mwishoni mwa karne ya 19, na baada ya maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915 Wamarekani wa bara waliushabikia mno. Robin na Rainger walitoa kiunzi. Wanamuziki wa visiwani ndio waliokitia roho.

Jambo linalosahaulika ni kwamba "Blue Hawaii" haukuwa wimbo mkubwa wa filamu ile. Ulikuwa upande wa pili wa santuri ya "Sweet Leilani", wimbo ambao Harry Owens alikuwa amemtungia binti yake mwaka 1934, na ambao ndio ulioshinda tuzo ya Oscar. (Miongoni mwa nyimbo zilizoshindwa katika tuzo hiyo ulikuwamo wimbo wa watunzi mashuhuri, ndugu George na Ira Gershwin, jambo ambalo baadhi yetu hatujalisamehe.)

Baadaye Frank Sinatra aliuweka katika albamu yake ya "Come Fly with Me" ya mwaka 1958, iliyopangiwa muziki na Billy May. Ameuimba kwa ustadi, lakini Hawaii humo ni kituo kimoja tu katika safari ya kuizunguka dunia.

Presley aliurekodi Machi 1961 huko Hollywood, akisaidiwa na waitikiaji wa Jordanaires pamoja na kundi la The Surfers kutoka Hawaii. Wakati huo Hawaii ilikuwa imekwisha kuwa jimbo la Marekani tangu 1959, na mananasi yamerudi tena: safari hii, katika filamu ya Presley, shujaa ni kijana anayekataa kazi katika kampuni ya mananasi na kuamua kuwatembeza watalii. Katika rekodi hiyo sauti ya Presley ni ya chini na haina haraka, na gitaa la chuma limeachiwa nafasi ya kutosha. Mwaka 1973 aliurekodi tena mjini Honolulu, mara tu baada ya tamasha lake lililorushwa kwa setilaiti, watazamaji wakiwa wamekwisha kuondoka ukumbini.

Kwangu mimi, rekodi ya Crosby ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu ndani yake wapigaji wa Hawaii wanasikika kama wenyeji wa wimbo, si kama pambo. Lakini anayetaka wimbo uliozaliwa visiwani kweli autafute ule unaoifunga filamu ya Presley. Uliandikwa kwa Kihawaii na Charles E. King mwaka 1926 kwa jina la "Ke Kali Nei Au", na maneno yake ya awali hayakuwa na habari yoyote ya harusi. Jina la "Hawaiian Wedding Song" lilikuja baadaye pamoja na maneno ya Kiingereza ya Al Hoffman na Dick Manning, yaliyovumishwa na mwimbaji Andy Williams miaka miwili tu kabla ya filamu hiyo.