Nasaba ya Amu: anza na hati ya mirathi

Ukitaka kuujua ukoo wako wa Amu, yaani Lamu, usianze na ile shajara, mti wa majina ya ukoo, iliyotundikwa ukumbini. Nyingi zina wanaume tu, na hata hao hupungua. Mjukuu hupewa jina la babu, basi Ali bin Mohamed bin Ali bin Mohamed anayenakiliwa usiku kwa macho mazito hutoka Ali bin Mohamed, babu na mjukuu wakawa mtu mmoja. Pima kwa miaka: karne moja hubeba vizazi vitatu, vinne kwa wanaooa mapema. Baba akimzidi mwanawe miaka tisini, kuna mtu amedondoka hapo katikati.

Hati ya mirathi ndiyo ya kutafuta kwanza, sandukuni kwa shangazi au kwa kadhi. Ina wanawake, na iliandikwa mbele ya watu wanaodai haki zao, kila mmoja macho kodo.

Chukua karatasi iliyoliwa na mchwa. Mali ina mafungu 40: mke 5, wana wawili wa kiume 14 kila mmoja, na jina la mwisho limeondoka na kona. Yamebaki 7, nusu ya 14. Huyo ni binti, maana katika mirathi ya Kiislamu fungu lake ni nusu ya la ndugu yake wa kiume, na sasa unajua unamtafuta nani. Tano katika 40 ni thumni, fungu la mke ambaye marehemu ameacha watoto. Angepata robo, usihangaike kutafuta watoto wa marehemu waliokuwa hai alipofariki, hata kwa mke mwingine. Thumni ikigawanywa sawa kwa wawili, wake walikuwa wawili. Lakini usiwapange watoto chini ya mama fulani mpaka hati iseme.

Hapo ndipo wengi huteleza: mtoto aliyemtangulia baba yake kufa hayumo, wala mke aliyeachwa zamani eda ikaisha. Hati inahesabu waliobaki hai siku ile, si wote waliozaliwa.

Tarehe ni za Hijria. Gawa mwaka kwa 33, jibu ulitoe kwenye mwaka wenyewe, kisha ongeza 622. Mwaka 1318 ukitoa 40 ni 1278. Ongeza 622, unapata 1900. Acha nafasi ya mwaka mmoja mbele au nyuma.

Tarehe ikikosekana kabisa, nenda makaburini jua likikaribia kuzama. Mwanga wa ubavuni huinua herufi zilizolika. Usipake unga wala chokaa, na brashi ya waya iache nyumbani: mawe haya ni laini, ukisugua unafuta ulichokuja kukisoma.